Unyayo wa dainini unajuaje kwamba ATP imefika?

Swali: Nafundisha biolojia, kidato cha tano na sita. Tulipofika kwenye usafirishaji ndani ya seli niliichora ubaoni dainini, protini inayotembea ikibeba mizigo ndani ya seli: pete kubwa juu, kijiti kirefu, na kidoa chini yake (ndio mguu, au unyayo) kinachokanyaga mikrotubuli, mirija ya protini ambayo ndiyo barabara yake. Nikaeleza kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huvunjwa kwenye pete. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Kama ATP iko kule juu, mguu huku chini unajuaje kwamba wakati wa kuachia umefika?" Sikuwa na jibu. Na kwa nini isiwe kama kinesini, protini nyingine ya kubeba mizigo, ambayo injini na mguu vimekaa pamoja?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo lililowasumbua watu wa fani hii kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya jibu lake imepatikana kuanzia mwaka 2005. Kwa kifupi, kile ulichokichora kama kijiti ni heliksi mbili za alfa, yaani vipande viwili vya mnyororo wa protini vilivyojiviringisha kama springi, zilizosokotana ubavu kwa ubavu. Moja ikiteleza juu ya mwenzake kwa kama nusu nanomita, mguu hubadilika umbo na kuachia. Hayo yanatosha kwa mtihani. Ila kwa mwanafunzi anayeuliza namna hiyo, mpe na yaliyobaki.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyoonyesha ugumu ulipo. Injini ya kinesini ina asidi amino (viungo vya mnyororo wa protini) kama 340 tu. Mfuko unaopokea ATP na sehemu inayogusa mikrotubuli vimeachana kwa nanomita chache, kwa hiyo kinachotokea kwenye mfuko kinasikika mlango wa pili. Dainini ni kitu kingine kabisa. Mnyororo wake mzito kwa binadamu una asidi amino 4,646, na ni miongoni mwa minyororo mirefu zaidi katika seli zetu. Zaidi ya 3,000 kati ya hizo ni za injini peke yake. Kutoka kwenye mfuko mkuu wa ATP hadi pale unyayo unapokanyaga ni nanomita 25 hivi, sawa na unene wa mikrotubuli yenyewe. Kwa molekuli huo ni umbali mkubwa mno. Protini nyingi hazifiki hata nusu ya urefu huo.

Sasa tuzitaje sehemu zake. Pete ina vipande sita vya jamii iitwayo AAA+, vyote kwenye mnyororo mmoja, navyo hupewa namba kuanzia AAA1 hadi AAA6. Upana wake ni nanomita 13 hivi. Vipande vinne vya kwanza vinaweza kushika ATP au ADP (kinachobaki ATP ikishakatwa), viwili vya mwisho haviwezi. Kazi kubwa ya kuvunja ATP hufanyika AAA1. AAA3 nayo huvunja, lakini zaidi ni ya kudhibiti. Juu ya uso wa pete umelala mkono, ambao ndio unaopinda na kunyooka na kuvuta mzigo. Kutoka AAA4 kunachomoza kikonyo chenye urefu wa nanomita 15, na nchani mwake ndipo penye unyayo. Halafu AAA5 inatoa kijiti kingine kifupi kinachoegemea kikonyo karibu na shina lake. Nitakiita mwega. Vitabu vingi vya shule havina mwega kabisa, na bila huo hadithi hii haielezeki.

Fuata mnyororo kwa kidole. Ukitoka AAA4 unashuka kwa heliksi moja ndefu hadi chini, unafika kwenye unyayo, mnyororo unajikunja mara kadhaa kuuunda, kisha unapanda kwa heliksi ya pili na kurudi pale pale AAA4. Yaani kikonyo kina heliksi ya kushuka na heliksi ya kupanda, na unyayo ndio kona ya kugeuzia. Umbo hili ndilo linalofanya ujumbe uweze kupita. Heliksi moja peke yake ingeweza kupinda au kuzunguka tu. Zikiwa mbili, zinaweza kusogea moja dhidi ya nyingine, na huku chini unyayo umeshikwa na zote mbili, kwa hiyo msogeo wowote kati yao lazima uuguse.

Fikiria breki ya baiskeli. Ukibana mkono wa breki kwenye usukani, waya unateleza ndani ya ala yake, na mpira unauma rimu huko chini. Waya na ala vyote havijaondoka mahali pake. Kilichosafiri ni tofauti ndogo kati ya kimoja na kingine. Ila kwenye dainini hakuna waya na hakuna ala: heliksi zote mbili zina hadhi moja, na ujumbe unapita pande zote, chini na juu.

Kwa nini ziteleze kwa kipimo hicho na si kingine? Heliksi zilizosokotana hushikana kwa utaratibu wa saba saba. Katika kila asidi amino saba, ya kwanza na ya nne kwa kawaida ni zile zinazokimbia maji, nazo hujificha katikati, baina ya heliksi mbili. Kwenye msokoto wa kawaida, kama ule wa protini ya nywele zetu, utaratibu huo umenyooka na heliksi hazina sababu ya kuhama. Kwenye kikonyo cha dainini utaratibu unaruhusu mikao zaidi ya mmoja. Heliksi moja ikihama kwa asidi amino nne hivi, yaani mzunguko mmoja wa heliksi na ushei, zile zinazokimbia maji zinapata majirani wapya na msokoto unatulia tena. Watu wa fani wanaiita mikao hii alfa na beta. Katika mkao wa alfa unyayo unang'ang'ania mikrotubuli. Katika mkao wa beta unashika kwa ulegevu na kuachia upesi.

Wazo hili lilipata ushahidi mwaka 2005 kutoka kwa Ian Gibbons na wenzake. Huyu ndiye aliyeigundua dainini yenyewe kwenye silia (vinyweleo vya kuogelea) za kiumbe wa seli moja, Tetrahymena, miaka ya mwanzo ya 1960, na jina "dainini" lilitoka kwake na Arthur Rowe mwaka 1965. Miaka arobaini baadaye bado alikuwa anaihangaikia. (Mwaka 2017 yeye na Ronald Vale walipewa Tuzo ya Shaw.)

Jaribio la 2005 nalipenda sana, na mwanafunzi wako atalielewa bila shida. Ugumu ulikuwa huu: ukikata unyayo pamoja na kipande cha kikonyo na kuviweka peke yao, hujui heliksi zimekaa katika mkao gani, kwa sababu zinaweza kuteleza zitakavyo. Gibbons na wenzake wakaazima protini nyingine isiyo na uhusiano wowote na usafirishaji: kimeng'enya cha bakteria wa maji ya moto, Thermus thermophilus, kinachopachika asidi amino iitwayo serini kwenye RNA yake. Kimeng'enya hicho kina msokoto wake wa heliksi mbili, moja ikishuka na nyingine ikipanda, na ni mgumu, hautelezi. Wakakiunganisha kikonyo cha dainini juu ya msokoto huo. Kisha wakatengeneza aina kadhaa, kila moja ikiwa na idadi tofauti ya asidi amino upande mmoja wa kiungo. Ukiongeza nne upande huu bila kugusa ule, umeilazimisha heliksi moja ikae mzunguko mmoja mbele ya mwenzake. Hakuna ATP, hakuna pete, hakuna mkono. Kilichobadilika ni mkao tu. Na nguvu ya unyayo kushika mikrotubuli ikabadilika mara nyingi, kulingana na mkao uliochaguliwa.

Pingamizi lilibaki moja: hicho ni kipande cha dainini kilichogundishwa kwenye kitu kigeni. Mwaka 2009 kundi la Takahide Kon huko Japani likafanya jaribio kwenye injini nzima ya dainini, kutoka kwa amiba wa udongoni aitwaye Dictyostelium. Waliweka sisteini mbili (sisteini ni asidi amino yenye salfa), moja kwenye heliksi ya kushuka na moja kwenye heliksi ya kupanda, mahali ambapo zingekutana endapo tu kikonyo kiko katika mkao fulani. Sisteini zikikutana hufungana kwa salfa, na kikonyo kinabanwa hapo hapo. Kilipobanwa, mawasiliano yalikatika: unyayo ulibaki na nguvu ya mkao uliofungiwa, nayo pete ikapoteza uhusiano wake wa kawaida na unyayo. Kwangu mimi hapo ndipo dhana ilipogeuka kuwa maelezo.

Tuje kwenye unyayo wenyewe, ambao kwenye michoro huwa kidoa tu. Mwaka 2008 Andrew Carter na wenzake walipata umbo lake kwa fuwele na eksirei, kutoka dainini ya panya, wakitumia ule ule ujanja wa kimeng'enya cha bakteria. Ni kitu kidogo sana: heliksi sita fupi zilizofungamana. Heliksi ya kwanza, inayofuata moja kwa moja baada ya heliksi ndefu ya kushuka, ndiyo ya kuangaliwa. Mwaka 2012 picha za hadubini ya elektroni kwenye baridi kali zilionyesha unyayo ukiwa umekanyaga mikrotubuli, na heliksi hiyo ya kwanza ilikuwa imehama kwa kama nanomita moja kutoka mahali ilipo unyayo ukiwa huru. Inajipenyeza kwenye bonde lililopo kati ya tubulini alfa na tubulini beta, protini mbili zinazojenga mikrotubuli. Isipohama, haiingii bondeni; na haiwezi kuhama bila heliksi ndefu iliyo juu yake kusogea. Kwa hiyo umbo la unyayo na mkao wa kikonyo ni jambo moja linaloonekana katika sehemu mbili.

Katika kazi hiyo hiyo ya 2012 kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita. Watafiti waliziona asidi amino za chaji hasi kwenye unyayo ambazo, badala ya kusaidia kushika mikrotubuli, zinaonekana kupunguza mshiko huo. Walipozibadilisha kuwa za chaji chanya, dainini ilishika kwa nguvu zaidi na kusafiri mbali zaidi kabla ya kudondoka. Yaani dainini ya asili haijaundwa ishike kwa nguvu zote inazoweza. Mimi nasoma hivi: mota inayoshika mno ni vigumu kuidhibiti, na seli inataka mzigo uweze kuteremshwa, kusimamishwa, au kukabidhiwa kwa kinesini. Hiyo ni tafsiri, lakini naiona ina mashiko.

Sasa upande wa pete: ATP inawezaje kuisukuma heliksi? Hapa picha ilisafika polepole. Mwaka 2012 kundi la Kon lilitoa umbo la injini ya Dictyostelium ikiwa na ADP, likionekana hadi kufikia nafasi ya asidi amino moja moja. Mwaka 2015 kundi la Carter likatoa injini ya dainini ya binadamu aina ya pili, ikiwa imenaswa na ADP pamoja na vanadeti, ambayo huiga hali ya ATP iliyokwisha kukatwa lakini fosfati haijatoka. Ukilinganisha maumbo hayo mawili unaona mlolongo. ATP ikiingia AAA1, pengo kati ya AAA1 na AAA2 linafumba. Vipande vingine vya pete vinalazimika kujipanga upya, na mpangilio huo unaendelea kuzunguka pete hadi AAA5. AAA5 ikizunguka inakwenda na mwega wake. Mwega unavuta upande mmoja wa shina la kikonyo, heliksi ya kupanda inapata mkunjo, na mkao unabadilika. Bado watu wanabishana kama heliksi inateleza kwa urefu wote kwa mkupuo, au msokoto unafumuka kidogo mahali fulani na mfumuko huo ndio unaosafiri. Mimi niko upande wa pili, kwa sababu kuvunja migusano yote ya nanomita 15 kwa wakati mmoja kungegharimu nishati nyingi mno.

Ukipenda kuusimulia mzunguko mzima darasani, uanzie pale dainini imesimama bila ATP, unyayo umeng'ang'ania. ATP inaingia, pete inafumba, mwega unavuta, unyayo unaachia. Kwa kuwa pete imebadilika, mkono nao haupati nafasi ya kulala ulivyokuwa, unapinda. ATP inakatwa. Unyayo unapapasa, unakanyaga mahali papya, na hapo ujumbe unageuka: heliksi ya kwanza ya unyayo inasukumwa na bonde la tubulini, kikonyo kinarudi kwenye mkao wa alfa, na pete inapata habari kwamba chini kuna ardhi. Fosfati inatoka, mkono unanyooka, mzigo unavutwa. Ndiyo maana dainini iliyogusana na mikrotubuli huvunja ATP haraka kuliko iliyo peke yake. Mwanafunzi wako aliuliza unyayo unajuaje kuhusu ATP. Mwulize naye, pete inajuaje kwamba unyayo umekanyaga?

Swali lako la pili, kwa nini isiwe kama kinesini, jibu lake ni la ukoo zaidi kuliko la ufundi. Kinesini na miosini (mota ya misuli) zina asili moja, na mifuko yao ya ATP inafanana ukizilinganisha. Dainini imetoka ukoo mwingine, ule wa AAA+, ambao kazi zake za kawaida ni kufumua protini, kutenganisha vitu vilivyoshikamana, au kukata mikrotubuli kama afanyavyo katanini. Ndugu yake wa karibu ni midasini, inayosaidia kutengeneza ribosomu. Nayo ina vipande sita vya AAA+ kwenye mnyororo mmoja. Pete za namna hii hazina uso wa kukanyagia mikrotubuli. Mahali fulani katika historia, kipande kirefu kilichomekwa katikati ya AAA4, na pete ikapata mguu. Mageuko hufanya kazi na kilichopo.

Lakini kikonyo si hasara tupu. Mwaka 2019 Sinan Can, Ahmet Yildiz na wenzao waliichukua dainini ya hamira wakabadilisha urefu wa kikonyo na pembe yake, na mota ikageuka: badala ya kwenda kwenye ncha hasi ya mikrotubuli, ikaenda kwenye ncha ya pili, iitwayo chanya. Kinesini na miosini zina wanaukoo wanaokwenda kinyume na wenzao. Dainini zote zilizochunguzwa huelekea ncha hasi, na urefu na pembe ya kikonyo havijabadilika kutoka kiumbe hadi kiumbe. Walichokigeuza hawa watafiti ni upande ambao mkono unapigia ukilinganisha na mikrotubuli. Kwa hiyo kikonyo kinapeleka habari na pia kinaelekeza mota uso uangalie wapi.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba haya yana maana nje ya ubao, wape hesabu ya neva. Katika nyuzi ndefu za neva, ncha hasi ya mikrotubuli inaelekea kwenye mwili wa seli, kwa hiyo anayerudi nyumbani amepanda dainini. Kwa mwendo wa mikromita 1 kwa sekunde, mzigo unaotoka kwenye wayo wa mtu hadi uti wa mgongo, mita 1 hivi, ungetumia sekunde milioni moja, takriban siku 11 na nusu, kama haukusimama njiani. Virusi vya kichaa cha mbwa hupanda kuelekea ubongoni kwa njia hiyo hiyo ya kurudi, na ndiyo sababu jeraha huoshwa na chanjo hutolewa mapema, kabla havijaingia kwenye neva. Upande wa kurithi, mabadiliko kwenye jeni la mnyororo mzito, DYNC1H1, husababisha udhaifu wa misuli ya miguu kwa watoto na kasoro za ukuaji wa ubongo. Neva ndefu ndizo zinazoumia kwanza.

Utakapoichora tena, usiweke mstari mmoja kati ya pete na unyayo. Weka miwili, mmoja ukitoka AAA4 na mwingine ukirudi, na mwega mfupi kutoka AAA5 ukiugusa ule unaopanda. Pete iache mbali na mikrotubuli, juu kabisa. Kisha chora mishale miwili kando ya kikonyo, mmoja wa kushuka uandike ATP, mmoja wa kupanda uandike tubulini.